Ukitaka kuijua Kinondoni, anzia Biafra

MSOMAJI wangu, mfukoni nimechacha, kama kawaida yetu sisi watu wa kalamu. Wiki hii sikuletei stori ya harusi ya kibopa wala ugomvi wa wanamuziki. Leo nakutembeza. Vaa raba, tena zile ambazo huogopi kuzichafua, maana tunakokwenda vumbi ni la bure.

Ilikuwa hivi. Binamu yangu katoka Singida, mara yake ya kwanza kuikanyaga Dar. Siku mbili za mwanzo nilimpeleka Posta akashangaa maghorofa, jioni tukaenda Coco Beach akaonja mihogo ya kukaanga na kuionja bahari kama kweli ina chumvi. Siku ya tatu, Jumapili, akaniambia, "Binamu, haya yote niliyaona kwenye runinga. Sasa nipeleke Dar ya watu."

Nikafikiri kidogo. Dar ya watu! Nikampandisha daladala mpaka Kinondoni, tukashuka, nikamwonyesha kwa mkono kama mtu anayeonyesha shamba lake mwenyewe.

"Ndiyo hii?" akauliza.

"Ndiyo hii. Viwanja vya Biafra."

Jamaa akaniangalia kwa huruma. Alitegemea maua na mabenchi, labda na chemchemi ya maji. Anaona uwanja tu, watoto wanakimbiza mpira, na magari yanapiga honi Barabara ya Kawawa. Nikamwambia tulia, tafuta kivuli. Biafra haikuonyeshi kitu ukiwa umesimama. Ni mpaka ukae.

JINA LIMETOKA MBALI

Swali lake la kwanza lilikuwa la jina. Kwao Singida uwanja unaitwa kwa jina la shule au la mti. Biafra ni mti gani?

Msomaji, wengi tunasema "nishushe Biafra" kila siku na hatujui tunamtaja nani. Mwezi Mei 1967, jimbo la Mashariki la Nigeria, chini ya Kanali Odumegwu Ojukwu, lilijitangaza kuwa nchi yake lenyewe, likajiita Biafra. Julai mwaka huohuo vita ikaanza, na vita ikaleta njaa. Picha za watoto wenye matumbo makubwa na mbavu za kuhesabika zikaitembea dunia nzima. Tarehe 13 Aprili 1968, Tanzania ya Mwalimu Nyerere ikawa nchi ya kwanza kuitambua Biafra. Zikafuata Gabon, Ivory Coast na Zambia. Haikusaidia. Januari 1970 Biafra ikasalimu amri na nchi ikafutika.

Wazee wa Kino ndiko wanakolipeleka jina letu, kwenye siku zile ambazo redio ilikuwa haina habari nyingine. Nchi ilikufa kule Afrika Magharibi, jina likabaki huku kwetu, makonda wanalipigia kelele. Ndiyo tabia ya mji huu. Hapo mbele tu kuna Morocco, na hakuna Mmorocco hata mmoja anayesubiri daladala. Nenda Sinza utakuta kituo cha Kwa Remmy, na Dokta Remmy Ongala mwenyewe tulimzika Desemba 2010. Dar haina muda wa kujenga sanamu. Ikikupenda inakupa kituo cha daladala.

UKIKAA UTAWAONA

Tukakaa kwa mzee mmoja muuza kahawa. Birika juu ya mkaa, kashata kwenye sahani, na wazee wenzake wawili wameinamia drafti kama vile wanasoma mkataba.

"Shikamoo wazee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, jongeeni kivulini."

Sasa angalia, msomaji, uwanja huu umezungukwa na nani. Huku ni Kinondoni yenyewe, mji wa zamani wa nyumba za vyumba sita, mlango katikati na baraza mbele, ingawa siku hizi kila nyumba ya tatu imegeuka ghorofa. Kule ni Mwananyamala, penye hospitali ambayo nusu ya watoto wa Kino walizaliwa. Ukiteremka kuelekea bonde la Msimbazi unaikuta Hananasif na Mkwajuni. Ukichapa lapa kwenda upande wa bahari, ukavuka Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, umeingia Oysterbay, kwa watoto wa geti kali, ambako mbwa wanakula nyama na mlinzi anakula ugali mkavu. Na ukiifuata Barabara ya Kinondoni unafika makaburini, mwisho wa safari ya wote, wa geti kali na wa uswahilini.

Makaburi yale yana historia yake. Aprili 2012 alipofariki Steven Kanumba, watu walijaa Leaders Club kumuaga, kisha wakajaa makaburini kumzika. Mimi nilikuwa bado mtoto, nilibebwa mabegani na mjomba. Nakumbuka vichwa tu. Vichwa na kilio. Tangu siku ile nilijua Kino haishangilii peke yake wala hailii peke yake.

Watu wote hawa, wa baraza, wa bondeni na wa geti kali, wana sehemu chache sana za kukutana bila mtu kuulizwa anatoka wapi. Baa wanaingia wenye hela. Shule kila mtu ana ya kwake siku hizi. Lakini Biafra! Pale nimewahi kuona mkutano wa chama watu wamevaa kofia za rangi moja, wiki hiyohiyo wakaja wa injili na spika kubwa za kuamsha hadi wa makaburini, halafu wakaja wa mihadhara, na siku iliyofuata uwanja ukarudi kwa wenyewe, yaani watoto wa chandimu. Hakuna aliyemwambia mwenzake "hapa ni kwetu". Kila mtu alijua ni kwake, na kila mtu alijua ataondoka.

Binamu akaanza kuelewa. Ndani ya saa moja alikuwa ameona mechi tatu ndani ya uwanja mmoja, goli za mawe, mipira inapishana na hakuna anayekosea wa kwake. Aliona dada mmoja anakimbia na vipokea sauti masikioni, jasho tele, na nyuma yake vitoto vinne vinamfuatisha kwa kumuigiza. Aliona mama anauza karanga, mtoto mgongoni. Aliona wapenzi wawili wamekaa mbalimbali kwa kuzuga, kumbe vidole vimegusana. Akacheka mwenyewe.

"Mzee," akamwambia muuza kahawa, "hapa ni pazuri."

"Pazuri kwa sababu pako wazi," mzee akajibu. "Siku pakizibwa hata wewe usingekaa hapo."

WALIOCHIMBA MITARO

Mzee yule anakaa Hananasif tangu ujana wake. Jina hilo nalo si la Kizaramo, ni la mtu, Hanna Nassif, aliyekuwa na shamba pale zamani. Shamba likawa mji, mji ukajengwa bila mpango, na mvua ikinyesha maji yanaingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi.

Katika miaka ya 1990 ukaja mradi ambao Shirika la Kazi Duniani lilishiriki. Ila kazi waliifanya wakazi wenyewe. Waliunda kamati, wakachimba mitaro, wakatengeneza barabara za mtaa, wake kwa waume. Mzee akatuonyesha kiganja.

"Hii sugu si ya birika, mwanangu. Ni ya sururu."

Haikumaliza shida zote, tusidanganyane. Desemba 2011 Msimbazi ulifurika, watu wakafa, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, mbali kabisa. Wengine wakapotezana na majirani wa miaka thelathini. Lakini mzee anasema kitu kimoja ambacho kilinikaa. Anasema mtaa ule ulijua kuitana. Ukipigwa mluzi, watu wanatoka.

Hapo ndipo binamu akanigeukia, tena kwa nia njema kabisa, akaniuliza, "Na nyie mtaani kwenu mnacheza wapi? Mbona sijaona kiwanja?"

Msomaji, kahawa ilinikwama.

TULIKUWA NA KIWANJA

Sasa nakuomba usogee karibu, maana hii sijawahi kuiandika popote.

Kwetu ni ng'ambo ya pili ya Barabara ya Kawawa. Mtaa sitautaja, mwenyewe asije akaniletea askari. Tulikuwa na kiwanja chetu kidogo, goli moja liko karibu na choo cha mtu na lingine chini ya mwarobaini. Mpira ukipigwa juu sana unaangukia kwenye sufuria la mama ntilie, na hapo mechi inaahirishwa mpaka hasira ziishe. Pale ndipo harusi za mtaa zilipopigiwa maturubai. Pale ndipo misiba ilipokaa. Bibi yangu alipofariki, wanaume walilala pale siku tatu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu. Akaja bwana mmoja na gari safi, ameongozana na vijana wawili wenye futi ya kamba na vigingi. Hakutufukuza. Angetufukuza tungempiga mawe. Alifanya kitu cha akili zaidi. Alikuja kijiweni, akakaa na sisi kwenye tofali na suruali yake ya pasi, akauliza nani mfungaji bora. Akaagiza kreti ya soda. Wiki iliyofuata akaleta jezi, seti nzima, bluu, zina namba mgongoni, na mpira mpya wa ngozi. Mimi nilipewa namba saba. Nilikaa nayo usiku mzima nikiinusa.

Wazee wa mtaa wakaitisha mkutano. Walitaka kwenda na malalamiko ofisi za juu, na walitaka vijana tuwepo, kwa sababu sisi ndio tuliokitumia kiwanja kila siku. Mzee mmoja alipita nyumba kwa nyumba akitubembeleza. "Njooni mseme. Sisi tukisema peke yetu wataambiwa ni wazee wanaogombea kivuli."

Siku ya mkutano tulikuwa na mechi. Yule bwana ndiye aliyetutafutia, ya kirafiki, mbali huko, na gari la kutupeleka akalipia yeye. Unaona hesabu zake? Tulipanda gari tukiimba. Tulishinda mabao matatu kwa moja na mimi nilifunga la pili. Tuliporudi usiku, mkutano ulikuwa umekwisha. Walihudhuria wazee kumi na moja.

Haikufika wiki tofali zikashushwa. Mwarobaini ukakatwa. Ukuta ukapanda mpaka nikashindwa kuona ndani hata nikisimama juu ya ndoo. Jezi tulibaki nazo. Ila jezi bila kiwanja, msomaji, ni fulana tu. Yangu ilipauka, mama akaifanya dekio.

BARABARA KATIKATI

Toka hapo mtaa wetu unacheza Biafra. Utasema si vibaya, mbona Biafra ni bora. Ni bora, ndiyo. Lakini kufika Biafra kutokea kwetu lazima uvuke Barabara ya Kawawa. Kule kuna magari, kuna bodaboda zinazotafuta upenyo, na tangu Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yana njia yao katikati kuelekea Morocco. Kijana wa miaka ishirini anavuka kwa mbio na kucheka. Mtoto wa miaka kumi na mbili mwenye mpira kwapani, anayewahi mechi, anavuka akiangalia uwanja, haangalii barabara.

Mdogo wangu ana miaka kumi na mbili. Mwaka jana, jioni moja, bodaboda ilimkumba. Nilipigiwa simu nikiwa kijiweni napiga soga. Nilikimbia peku. Nilimkuta amelazwa pembeni kwenye kanga ya mama asiyemjua, mguu umekaa upande ambao mguu haukai, na bado ameukumbatia mpira. Watu wa Biafra ndio waliomnyanyua. Mmoja akasimamisha bajaji, mwingine akalipa nauli, akaondoka hata jina hakuacha.

Mguu ulifungwa plasta wiki nyingi. Sasa anatembea, anakimbia pia, ila mvua ikikaribia anasema unamwuma kama mzee.

Akiwa bado na plasta, siku moja tulikaa naye barazani, ukuta ule uko mbele yetu. Akaniuliza, "Kaka, eti pale ndipo mlipokuwa mnacheza?"

"Ndiyo."

"Sasa aliwanyang'anya?"

Nikamwambia ndiyo, alitunyang'anya. Dogo akatikisa kichwa kwa uchungu, akamtukana yule bwana tusi la kitoto. Nikamwacha amtukane.

Nilimdanganya, msomaji. Hatukunyang'anywa. Tuliuza. Tuliuza kwa kreti ya soda na jezi kumi na nne, na ada ya udalali tukalipwa mabao matatu kwa moja. Yule bwana ana dhambi yake, sitaibeba mimi. Lakini ya kwangu naijua uzito wake, maana niliibeba mwenyewe mpaka hospitali.

Binamu aliniuliza swali dogo tu pale kwenye kahawa, nikajikuta namwambia yote haya, mzee anasikia, wale wa drafti nao wameacha kete hewani. Nilipomaliza hakuna aliyesema kitu. Kisha mzee akanimiminia kikombe kingine, akasukuma sahani ya kashata.

"Kunywa," akasema. "Halafu kamwambie mtoto ukweli. Akue anajua kiwanja huwa kinaondokaje."

HESABU YA MWISHO

Sikufichi, mimi si mtaalamu wa mipango miji. Shule niliishia kidato cha nne, na matokeo yangu yenyewe mama aliyasoma mara moja akayakunja. Lakini hesabu ndogo naweza. Sensa ya 2002 ilihesabu watu milioni mbili na nusu hivi Dar es Salaam nzima. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Miaka ishirini, watu zaidi ya mara mbili. Viwanja je? Hesabu mwenyewe mtaani kwako. Vile ulivyochezea utotoni, vimebaki vingapi?

Sheria zipo. Kuna Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na maeneo ya wazi yamo kwenye ramani. Tatizo ni kwamba ramani haikai mtaani. Anayekaa mtaani ni wewe na mimi, na akija mtu na kreti ya soda anatukuta sisi kwanza kabla hajaikuta ramani.

Jua lilipoanza kushuka, Biafra ilichangamka kweli. Vumbi likawa rangi ya dhahabu, adhana ikasikika, watoto wakaanza kuitwa majumbani kwa majina yao yote mawili, yaani hasira ya mama imefika mwisho. Binamu alikuwa ameshaingia kwenye mechi ya watu asiowajua, anacheza beki na viatu vya kuazima. Kwao Singida atasimulia maghorofa? Thubutu! Atasimulia kwamba alicheza Dar.

Mimi nilikuwa pembeni na dogo, ambaye tulimfuata nyumbani tukamvusha barabara kwa mkono, na yeye akalalamika kwamba namwaibisha mbele ya wenzake. Nikamwambia vumilia. Nilikuwa na neno la kumwambia, nikaliweka ulimini, nikashindwa.

Ndiyo maana nimeandika. Dogo anasoma gazeti hili kila wiki, anaanzia vikaragosi halafu anakuja kwangu kuona kama nimetajwa vibaya. Basi mdogo wangu, umefika hapa. Sasa unajua. Ukimaliza kusoma njoo uniambie unalotaka kuniambia, hata kama ni lile tusi ulilompa yule bwana. Ruksa.

Na wewe msomaji, Jumapili ukikosa hela ya kwenda kokote, nenda Biafra. Kaa kivulini, kunywa kahawa, msalimie mzee. Na mtaani kwako ukisikia kuna mkutano wa kiwanja, tafadhali, mechi iahirishwe.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.